Sungura Aliyeachwa Berlin: Vita, Uhamisho na Ukweli Anaostahili Mtoto

Swali la iwapo mtoto aambiwe ukweli wote kuhusu ubaya wa dunia ni la kale kuliko vitabu vya watoto. Plato alilijadili katika kitabu cha pili cha Jamhuri, karne ya 4 kabla ya Kristo, na jibu lake lilikuwa kali: visa vya miungu kupigana, kufungana na kufanyiana vitimbi wasisimuliwe watoto, hata kama ni vya kweli. Hakusema hayo kwa kutoijua vita. Alizaliwa na kukua wakati Athens na Sparta zikipigana vita vilivyoanza mwaka 431 na kwisha 404, na ujana wake ulikwenda sambamba na kushindwa kwa mji wake. Zaidi ya karne kumi na nne baadaye Imamu Ghazali aliandika katika kitabu chake cha Ihya kwamba mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake, na moyo wake ni johari safi ambayo bado haijatiwa nakshi yoyote, hivyo huipokea kila nakshi inayotiwa. Mgiriki na Mwislamu huyu walitofautiana kwa mengi, ila hapa walikutana: mlezi ni bawabu, na kazi yake ni kuamua kipi kiingie na kipi kibaki nje.

Hoja hiyo ina nguvu na kila mzazi anaielewa bila kufundishwa. Hata hivyo imejengwa juu ya sharti lisilotajwa, kwamba ubaya bado uko nje. Mtoto wa vita hana bahati hiyo. Ubaya umekwisha kumkuta kitandani, umemtoa nyumbani usiku na kumpandisha gari moshi bila kumweleza sababu. Kwake yeye, kujadili kama aambiwe au asiambiwe ni kuchelewa. Linalobaki ni namna ya kumwambia jambo ambalo tayari limempata, na namna ya kumwambia mwenzake ambaye halijampata. Waandishi kadhaa wa vitabu vya watoto wa karne ya 20 walilijibu swali hilo kwa kazi zao, kwa kuwa wenyewe ndio waliokuwa watoto hao. Majibu yao yana uzito wa falsafa ingawa yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa miaka tisa na kumi.

Judith Kerr alizaliwa Berlin mwaka 1923. Baba yake, Alfred Kerr, alikuwa mhakiki wa tamthilia mwenye jina kubwa Ujerumani nzima, Myahudi, na mpinzani wa Wanazi aliyewasema hadharani. Februari 1933, akiwa amelala na homa ya mafua, alipigiwa simu na polisi aliyemwonya kwamba pasipoti yake ilikuwa inakaribia kuchukuliwa. Akaondoka nchini mara moja. Mkewe na watoto wao wawili walimfuata hadi Uswisi mwanzoni mwa Machi, kabla tu ya uchaguzi uliowakaza Wanazi madarakani, na mwezi Mei vitabu vyake vikachomwa moto hadharani pamoja na vya wengine wengi. Familia ikahamia Paris, kisha London mwaka 1936. Judith aliondoka Ujerumani akiwa na miaka tisa. Alipofika Uingereza alikuwa na kumi na miwili, na lugha ya tatu ya kujifunza.

Riwaya yake kuhusu safari hiyo, When Hitler Stole Pink Rabbit, ilitoka mwaka 1971. Kilichomsukuma kuiandika kilianzia nyumbani. Mwanawe wa miaka minane alitazama filamu ya The Sound of Music, akaridhika kwamba sasa ameujua utoto wa mama yake ulivyokuwa. Mama akatambua kwamba asiposimulia yeye, filamu itamsimulia, tena kwa nyimbo na milima mizuri.

Katika riwaya hiyo msichana Anna anaruhusiwa kuchukua mwanasesere mmoja tu. Anamchagua mbwa mpya wa manyoya na kumwacha sungura wake wa waridi, aliyechakaa kwa kupendwa, maana familia inatazamia kurejea baada ya muda mfupi. Hairejei. Habari zinapofika kwamba nyumba imetwaliwa pamoja na kila kilichomo, Anna anamwaza Hitler akimiliki vitu vyake vya kuchezea, na sungura yule akiwa mikononi mwake. Baadaye anasikia kwamba kichwa cha baba yake kimewekewa marki 1,000. Wakubwa wanajua maana yake. Anna anaona sarafu elfu zikimiminika kutoka darini juu ya kichwa cha baba mpaka zimzike, na anaogopa kwa hofu ya kweli kabisa, ila hofu hiyo imeshika kitu kingine.

Kerr aliyaandika hayo akiwa na umri wa miaka 47 hivi. Alikwisha kujua habari za Auschwitz, na angeweza kuzipenyeza katika kila ukurasa. Hakufanya hivyo. Alijifunga kwa kile ambacho mtoto wa mwaka 1933 aliweza kukiona kutoka kimo chake. Anayemshuku anaweza kusema kwamba huko ni kunyamaza, na kunyamaza penye maovu ni ndugu wa uongo. Shutuma hiyo haistahili kupuuzwa, maana kipimo hicho cha mtoto kinaweza kweli kutumiwa na mwandishi mvivu kuficha asichotaka kukitazama.

Jibu limo katika sura zinazomhusu Mjomba Julius, rafiki wa familia anayebaki Berlin kwa kuamini kwamba upepo mbaya utapita. Ni mtaalamu wa wanyama, na raha yake kubwa ni kwenda bustani ya wanyama. Kwanza anafukuzwa kazi kwa sababu ya bibi mmoja Myahudi katika ukoo wake. Kisha ananyang'anywa hata kibali cha kuingia bustanini, na anajiua. Kerr hatoi mhadhara juu ya sheria za ubaguzi. Msomaji mdogo anaondoka na jambo moja, kwamba mtu mpole alizuiwa kwenda kuwatazama wanyama aliowapenda na hakuweza kuendelea kuishi. Msomaji huyo akifika miaka ishirini atajua mengine mengi, lakini hatakuta popote kwamba alidanganywa. Maarifa ya utu uzima yataongeza juu ya kile alichokisoma bila kukibomoa.

Hiki ndicho kigezo kinachoweza kutenganisha huruma na uongo katika kuwasimulia watoto. Hadithi iliyopunguzwa ni ya haki ikiwa mtoto atakapokua hatalazimika kuikana. Plato mwenyewe hafaulu katika mtihani huo: katika kitabu cha tatu cha Jamhuri anapendekeza raia wasimuliwe hadithi ya uongo kuhusu asili yao, kwa faida ya mji, hadithi ambayo msikilizaji akiijua vizuri lazima aitupe. Kitabu cha Kerr hakitupwi. Tafsiri yake ya Kijerumani ilipata tuzo ya taifa ya vitabu vya vijana mwaka 1974, ikaingia katika shule za nchi ileile iliyomfukuza, na watoto wa Kijerumani wakajifunza habari za babu zao kwa macho ya msichana aliyelazimika kukimbia.

Kwa upande mwingine, Kerr alikataa kila kitabu chake kifanywe shahidi wa vita. Kuna waliosoma The Tiger Who Came to Tea, cha mwaka 1968, wakamwona chui milia anayebisha hodi na kumaliza chakula chote cha nyumba kuwa ni Gestapo. Yeye alisema ni chui milia tu, na inafaa aaminiwe. Mtu aliyefukuzwa kwao ana haki ya kuwa na sehemu ya akili yake ambayo adui hajawahi kuikanyaga.

Tatizo gumu zaidi liko kwingine, nalo ni la kidini hata kwa asiye na dini. Mtoto anayesimulia ni yule aliyeokoka. Maandiko yanaijua hali hiyo vizuri. Mama yake Musa anamweka mwanawe ndani ya kisanduku na kukiachia mto, wakati watoto wa kiume wa jamaa zake wanachinjwa. Yusufu katika Injili ya Mathayo anaonywa ndotoni na kumkimbiza mtoto Misri, na nyuma yake wadogo wa Bethlehemu wanauawa, ambao baba zao hawakuota ndoto yoyote. Ayubu anapoteza watoto kumi siku nyumba ilipowaangukia, na mwisho wa kitabu anapewa wengine kumi. Wafasiri kwa karne nyingi wamehangaika na wale wa kwanza, kwa sababu hakuna anayemwuliza Mungu habari zao, na mzazi yeyote anajua kwamba mtoto hafidiwi kwa mtoto.

Alfred Kerr alionywa kwa simu. Watoto wa Kiyahudi wapatao milioni 1.5 waliuawa katika miaka ya Wanazi, na wazazi wao hawakuwapenda pungufu. Je, riwaya inayokwisha kwa familia kushuka salama London haiwasaliti? Kerr hakulikwepa swali hilo. Katika Creatures, kitabu alichokitoa mwaka 2013 akitimiza miaka 90, aliwatabarukia kazi hiyo watoto hao milioni moja na nusu ambao hawakupata bahati aliyoipata yeye. Kulitaja jambo hilo kuwa bahati ni msimamo wa kimaadili. Anayesema aliokolewa kwa kuwa alistahili, au kwa kuwa familia yake ilisali vyema, anawahukumu waliokufa bila kujua. Muumini atasema ni kudura ya Mungu, na imani inamruhusu, lakini hata yeye hana ruhusa ya kugeuza kudura kuwa cheti cha ubora. Vitabu vya Kerr vimejaa furaha ya kuishi, na hakuna hata kimoja kinachodai kwamba furaha hiyo ilikuwa haki yake peke yake.

Uri Orlev alilikabili jambo hilohilo kutoka ndani ya moto. Alizaliwa Warsaw mwaka 1931 kwa jina la Jerzy Henryk Orłowski, akaishi katika geto la mji huo na mdogo wake. Mama yao aliuawa na Wanazi. Shangazi yao akawahifadhi, na mwaka 1943 wakapelekwa kambi ya Bergen-Belsen, walikokaa hadi 1945. Katika kumbukumbu zake anaeleza fikra aliyoitunza wakati huo wote: kwamba yeye ni mwana wa mfalme mkuu wa China, na baba yake ameamuru alazwe usingizi aote ndoto ya vita, ili siku atakaporithi kiti ajue vita ni kitu gani na asiianzishe kamwe.

Wanafalsafa wa dini wamejenga hoja nzima juu ya wazo kama hilo, kwamba mateso ni shule ya roho. Tofauti ni nani anayelisema. Mwanatheolojia anayemweleza mtoto wa geto kwamba njaa inamfunza, anamwongezea mzigo. Mtoto anayejitungia mwenyewe kwamba hii ni ndoto ya mfalme anajipa pumzi ya kufika kesho. Dostoyevsky alimfanya Ivan Karamazov akatae amani yoyote ya ulimwengu inayonunuliwa kwa machozi ya mtoto mmoja, na riwaya hiyo ya mwaka 1880 haijapata jibu lililowaridhisha wote. Orlev hajaribu kumjibu Ivan. Anaonyesha tu kwamba mtoto mwenyewe, kabla ya mtu mzima yeyote kufika na maelezo, alikwisha kuanza kutafuta maana, na kwamba maana hiyo ilimhusu yeye na ndugu yake, haikumtetea mtu mwingine.

Katika riwaya yake mashuhuri, The Island on Bird Street, iliyotoka kwa Kiebrania mwaka 1981, Alex wa miaka kumi na mmoja anajificha katika jengo lililobomoka, akiwa na panya mweupe, akimngoja baba yake aliyemwamuru asiondoke. Anapanga akiba ya chakula na anatengeneza ngazi ya kamba, kama Robinson Crusoe kisiwani, isipokuwa kisiwa chake kimezungukwa na mji uliojaa watu. Baba amemwachia bastola. Siku moja inambidi aitumie, na askari wa Kijerumani anakufa. Orlev hapigi makofi wala haombi radhi kwa niaba yake. Mtoto anatetemeka, na maisha ya kujificha yanaendelea.

Hapa hoja ya Plato inapata pigo lake kubwa, kwa kuwa vita haimfanyi mtoto mtazamaji peke yake, humfanya mtendaji. Fiqhi inasema mtoto hana taklifu mpaka abaleghe, yaani kalamu ya dhambi haimwandikii. Kanisa nalo limezoea kuzungumza juu ya umri wa kupambanua. Ni huruma yenye busara, lakini dhamiri ya mtoto haisubiri tarehe ya kubaleghe. Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura mwaka 1982 na kuhamia Ufaransa mwaka 1995 kwa sababu ya vita vilivyofuata mauaji ya Rais Melchior Ndadaye wa Burundi, aliliandika hilo katika Petit Pays ya mwaka 2016. Mvulana wake Gabriel analazimishwa kutupa kiberiti kwenye gari lenye mtu ndani. Riwaya hiyo haikuandikwa kwa ajili ya watoto, lakini wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa ndio walioipa tuzo yao ya Goncourt mwaka huo. Kisheria Gabriel hana kosa. Ndani ya nafsi yake hakuna sheria inayoweza kumfikia kumwambia hivyo.

Ngũgĩ wa Thiong'o aliishika mada hiyo kwa mkono mwingine. Alizaliwa Kamirithu, karibu na Limuru, mwaka 1938, na alikuwa na miaka kumi na minne Hali ya Hatari ilipotangazwa Kenya, Oktoba 20, 1952. Kaka yake aliingia msituni na Mau Mau. Ndugu yake wa kambo, aliyekuwa kiziwi, alipigwa risasi na askari kwa kutotii amri ya kusimama ambayo hakuisikia. Mwaka 1955 alirudi likizo kutoka Alliance High School akakuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa. Hadithi zake za watoto kuhusu Njamba Nene, alizoziandika kwa Kikuyu, zilianza kutoka mwaka 1982, mwaka uleule alioanza kuishi uhamishoni. Katika mojawapo mvulana anabebeshwa mkate ambao ndani yake imefichwa bastola, na inapofika saa ya hatari anaitumia kuwaokoa wenzake.

Ikiwekwa kando ya Alex, bastola ya Njamba Nene ni nyepesi mno mkononi. Ngũgĩ anamjalia mvulana wake ushindi bila mtetemeko, na hapo kuna upungufu wa kimaadili ambao hadithi zake za watu wazima hazina. Lakini haki inataka isemwe alikuwa akiandikia watoto gani: watoto ambao vitabu vya kikoloni viliwaita wapiganaji wa kijiji chao magaidi. Yeye aliona kwamba uongo ulikwisha kuingia darasani kabla yake, na akaharakisha kuutoa. Mwandishi anayepigania jina la wazazi wake ana muda mchache wa kukaa na majuto ya mvulana mmoja.

Uri Shulevitz alikuwa na miaka minne Warsaw iliposhambuliwa kwa mabomu mwaka 1939. Familia yake ilikimbilia Urusi ya Kisovieti na kuishia Turkestan, mji wa Kazakhstan, mahali pa vumbi, joto na njaa. Katika How I Learned Geography, kitabu cha picha cha mwaka 2008, anasimulia siku baba alipokwenda sokoni kununua mkate. Pesa aliyokuwa nayo ingetosha kipande kidogo mno, akarudi na ramani ya dunia. Mtoto analala na njaa, na anaapa kutomsamehe baba. Asubuhi ramani inabandikwa ukutani na kufunika ukuta mzima, na mtoto anaanza kusafiri kwa macho katika majangwa, fukwe na miji yenye majina asiyoweza kuyatamka.

Wapo watakaomwona baba yule mpumbavu, na hawana makosa makubwa. Njaa haiondolewi na rangi, na hadithi hii ingeharibika kabisa kama Shulevitz angefanya kana kwamba inaondolewa. Hakufanya hivyo. Hasira ya mtoto imo kitabuni, njaa imo, na picha za mwanzo zina rangi ya udongo. Anachokidai ni kidogo na ndiyo sababu kinaaminika: uhamisho humpokonya mtoto mahali, na mtu anaweza kumpa mtoto mahali pengine pa kuweka akili yake bila kumdanganya kwamba amerudi nyumbani. Dini zimefanya kazi hiyo kwa wakimbizi tangu Wayahudi wa Babeli. Ramani ilimfanyia mvulana yule sehemu ya kazi hiyo.

Mwandishi aliyekwenda mbali zaidi kuliko hawa wote hakuokoka. Janusz Korczak, daktari wa watoto wa Warsaw, alitoa mwaka 1923 hadithi ya mfalme mtoto, Matt, anayejaribu kuwapa watoto bunge lao. Anashindwa vitani, anahukumiwa kufa, na mwisho anapelekwa uhamishoni katika kisiwa kisicho na watu. Hakuna kitabu cha watoto cha wakati ule kilichowaamini wasomaji wake kiasi hicho. Katika maandishi yake ya malezi, Korczak alidai kwa mtoto haki tatu: haki ya kufa, haki ya siku ya leo, na haki ya kuwa alivyo. Ya kwanza hushtua, nayo imekusudiwa kushtua. Maana yake ni kwamba mzazi anayemfungia mtoto asife humfungia pia asiishi. Ya pili inamjibu Plato moja kwa moja. Plato anamtazama mtoto kama raia wa kesho, na anauliza hadithi itamfanyia nini mji. Korczak anamtazama mtoto kama mwenye siku hii, ambaye hofu yake ya leo ni hofu kamili.

Yatima wa kituo chake walihamishiwa ndani ya geto mwaka 1940. Agosti 1942 walipochukuliwa kupelekwa kambi ya mauaji ya Treblinka, wapatao 200, Korczak alikwenda nao, ingawa alikuwa amepewa nafasi ya kujiokoa. Mtu aliyeandika kwamba mtoto asidanganywe alibaki na watoto mahali ambapo hapakuwa na jambo la kweli la kuwaambia likawafariji. Hakuna falsafa iliyobaki ya kuandikwa pale. Kilichobaki ni kutowaacha peke yao.

Orlev, aliyekuwa mvulana wa miaka kumi na mmoja katika mji huohuo mwezi huohuo, ndiye baadaye aliyetafsiri kwa Kiebrania maandishi ya Korczak kutoka Kipolandi, pamoja na hadithi ya mfalme mtoto. Mwaka 1996 alipewa tuzo ya Hans Christian Andersen, inayotolewa na halmashauri ya kimataifa ya vitabu vya vijana ambayo Jella Lepman aliianzisha mwaka 1953. Lepman mwenyewe alikuwa mwandishi wa habari Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1936 pamoja na watoto wake wawili. Baada ya vita alirudi katika magofu ya nchi hiyo, na kazi aliyoichagua ilikuwa kuwatafutia watoto wa Kijerumani vitabu kutoka mataifa ambayo baba zao walikuwa wameyashambulia.